Kipa Aliyeandama Jeneza

Nicodemus alijifungia chooni, ofisini mwake mwenyewe, akabana pumzi kama mtoto aliyeiba sukari. Nje, mlangoni, mwanamke aliyekuja jana alikuwa akipiga hodi tena.

"Hayupo, mama," Faiz, kijana wake wa kazi, alimjibu.

"Basi nambie. Ile picha bado ipo?"

"Ipo."

"Haya. Nitarudi kesho inshallah. Neno langu ni la mwenye picha."

Makubadhi yakashuka ngazi polepole. Nicodemus akatoka, shati limemganda mgongoni.

"Amekuja na kile kijikasha?"

"Amekipakata vilevile."

Nicodemus alikuwa mtu wa bara. Alifanya kazi bandarini kabla ya kuingia katika michezo ya kuchekesha, na miaka yote hiyo Mombasa ilikuwa imemfunza kuogopa kitu kimoja tu: halbadiri. Aliambiwa kwamba aliyedhulumiwa huisoma dua hiyo ubani ukifuka, na aliyedhulumu hapati tena pa kushika. Kwa hiyo kijikasha kile, kwake yeye, hakikuwa na kitu kingine ila ubani.

Balaa lote lililetwa na penalti. Katika "Wavu Mtupu", mchezo wake wa mtandaoni juu ya timu isiyojua kushinda, Faiz ndiye kipa. Siku ile walipiga picha Tudor, kwenye uwanja ulio kando ya njia ya makaburini. Kipa alitakiwa aikimbie penalti kwa kujifanya tumbo linamkata. Lakini mpigaji alipoutenga mpira tu, jeneza likapita. Faiz akauacha wavu, akakimbia na glavu zake mikononi, akatia bega. Mpira ukaingia golini bila mwenyewe. Kamera ikalifuata jeneza, na kipa chini yake, hadi lilipopinda kona. Nicodemus akacheka hadi machozi. Akaitilia picha ile zumari, akairusha.

Mji ukapasuka pande mbili. Wachuuzi wa Mwembe Tayari walicheka wakishika mbavu. Barazani Mji wa Kale, wazee wakaapa kwamba maiti amefanyiwa mzaha. Huyu akasema kijana amechuma thawabu zake, yule akataka apigwe bakora. Kuna nyumba ambamo mke na mume walilala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, kwa sababu ya penalti. Kipande cha mpira ukiingia wavuni kilizagaa katika kila simu. Safari yenyewe ya jeneza ilikuwa kwenye ukurasa wa Nicodemus peke yake.

Mwalimu mmoja wa madrasa alipoulizwa, alikata shauri: "Likiwa tupu, ni mchezo. Likiwa na mtu ndani, ni dhuluma."

Nicodemus akaandika upesi mtandaoni: jeneza lilikuwa tupu, tuliliazima. Watu wakapoa.

Jeneza halikuwa tupu.

"Mimi sikumchezea mtu," Faiz alisema mara nyingi. "Jeneza likipita, mtu hutia bega. Nimembeba hadi nikatia mchanga. Zumari ulitia wewe."

Ni kweli, siku ile hakurudi uwanjani mpaka maiti amezikwa, na Nicodemus alimkaripia kwa kuchelewesha kazi.

"Na huyu mama?"

"Nimeuliza mtaani kwao. Bi Mejumaa. Maiti alikuwa mwanawe."

Njia ya mwongo ni fupi, na Nicodemus aliuona mwisho wake. Mama yule angesimama hadharani aseme neno moja, na "Wavu Mtupu" ungezikwa pamoja na vijana walioacha kazi zao wakamfuata yeye. Chakula hakikumpita kooni. Kila alikopita alinusa ubani, hata mbele ya duka la samaki. Lakini kilichomuuma zaidi ni aibu. Alikuwa amemcheka mtoto wa mtu akipelekwa kaburini.

"Tuifute," akasema. "Yote."

"Weka nakala moja, bosi. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Ya nini? Ya kunihukumu?"

Akaiondoa mtandaoni. Akaifuta kwenye kompyuta, kwenye kadi ya kamera, na kwenye diski ya akiba, kisha diski yenyewe akaivunja kwa nyundo. Alipomaliza, kwa mara ya kwanza tangu msukosuko uanze, alikula wali akaumaliza.

Kesho yake hodi ilipopigwa, alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe mwenye picha?"

"Ndimi. Mama, nilikuwa nataka kukwambia..."

"Ngoja nipumue, ngazi zenu hizi!" Bi Mejumaa akaketi, kijikasha mapajani. "Sikuja kuteta. Hao wanaoteta niwaachie wenyewe. Wajua, sisi wanawake hatuandami jeneza. Khubaib wangu alipotolewa, mimi nilibaki ndani, mlango ukafungwa. Sikujua amekwendaje. Kila nikifumba macho nauona ule mlango tu."

Faiz akainamisha kichwa.

"Kisha watoto wa jirani wakanionyesha. Nikamuona anavyokwenda, mpaka pale konani. Nikamuona kijana asiyemjua anauacha mpira wake ili ambebe. Na wewe ukamtilia zumari, kama bwana harusi. Hakuwahi kuoa, mwanangu."

Akakifungua kijikasha. Ndani mlikuwa na simu mpya, nailoni yake haijabanduliwa.

"Jirani wanahama. Nimenunua hii kwa ajili hiyo tu," akasema, akimnyoshea kwa mikono miwili. "Nitilie, nami niwe naye."