Ujumbe Mtupu wa Saa Mbili

Ujumbe wa mama ulimfikia baba saa mbili kamili asubuhi kama kawaida, ila leo haukuwa na neno hata moja.

Binti yao aligundua akiwa kazini, alipofungua droo ya meza yake kuitazama simu ya mama. Baba hakuwa amejibu, na kwa miezi minane hakuwahi kukosa kujibu.

Wiki moja baada ya kumzika mama, baba alitoka chumbani amefunga vifungo vya shati kombokombo, akauliza, “Mama yako kaenda wapi?” Alishasikia habari za wazee wanaosahau. Hakuwa na ubavu wa kumpa baba msiba mara ya pili.

“Katoka kidogo, baba.”

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za simu. Akaandika moja ndogo, akaiweka kwenye simu ya marehemu: kila saa mbili asubuhi iamke yenyewe, ipokee kutoka kwenye kompyuta yake furushi la data lenye maneno ya siku hiyo, iyatume kwa baba, ilale tena. Maneno aliyatunga yeye, kwa ulimi wa mama na kero zake zote.

“Mzee, umevaa sweta? Usiniambie umevaa na hujavaa.”

“Nimevaa, mama watoto. Usikawie.”

Majibu hayo aliyasoma kila asubuhi, akicheka na kufuta machozi, mpaka wenzake ofisini wakazoea.

Sasa alipekua alichokuwa amerekebisha jana. Kosa la kitoto! Maneno ndani ya furushi alikuwa ameyapa jina jipya, “salamu”, lakini programu ilikuwa bado inayatafuta kwa jina la zamani, “ujumbe”. Iliamka kwa wakati wake, haikuona kitu, ikatuma utupu.

Akanyakua mkoba, mbio hadi nyumbani. Alimkuta baba sebuleni, simu mapajani, chai imepoa bila kuguswa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mama yako leo kanyamaza.”

“Ni mtandao tu. Atakuandikia baadaye.”

Baba aliiweka simu mezani. Kisha akamshika mkono na kumketisha taratibu, kama mtu anayetaka kutoa habari nzito.

“Mwanangu, mama yako alifariki. Tulimzika pamoja, mimi na wewe.”

Binti akauweka mkoba chini.

“Siku ile nilikuuliza kwa sababu nilikuwa nimetoka usingizini,” baba aliendelea. “Ukaniambia katoka kidogo. Kesho yake simu yake ikaanza kuniandikia.”

“Sasa baba, kama ulijua, mbona ulikuwa unajibu?”

Mzee akamvuta karibu.

“Nilidhani mgonjwa ni wewe.”