Tenda ya Ubwabwa

"Shilingi mia mbili kwa sufuria nzima ya ubwabwa? Nguchiro, leo umenitafuta!" Nungunungu alifoka, miiba ikamsimama.

"Usinikasirikie mimi, dada. Tumbili ndiye aliyeshinda tenda ya kuwalisha watoto wa chekechea. Baraza linampa mia nne. Hana sufuria, kanipa mimi kwa mia tatu. Nami kupika sijui."

Nungunungu alicheka kwa hasira. Chakula hicho alikuwa akikipika yeye kwa mia tano, mpaka Kiboko, mwenyekiti wa baraza, alipomwambia ni ghali. Lakini mtoto hashibi kwa ugomvi wa wakubwa. Akawasha moto, akapika kama kawaida yake, na ukoko akawaachia watoto waukwangue.

Mchana Kiboko akaja na baraza lake kuonja. Akalamba midomo. "Huu ndio ubwabwa! Hongera, Tumbili. Si kama ule wa Nungunungu. Huu ningeulipia hata mia sita!"

Tumbili akatunisha kifua. Watoto hawakumtazama, walikuwa wanagombea sufuria.

"Babu Kiboko," akasema mtoto wa Swala, mdomo umejaa, "huu ni wa Bi Nungunungu. Nani mwingine hutuachia ukoko?"

Kiboko akamgeukia Tumbili, Tumbili akamtazama Nguchiro, na Nguchiro akaonyesha mlangoni, aliposimama Nungunungu na mwiko wake.

"Hizo mia sita sizitaki, mzee," akasema. "Bei yangu unaijua, ni mia tano. Nilipe."