Ua la Mama Yake

Haya nilihadithiwa na Bi Mize, mfagizi wa duka la mashine za kutarizi, tulipokuwa tukichambua mchele wa arusi mwaka jana.

Mwanakheri mshona kofia macho yalikuwa yamemwingia ukungu. Ua la kutarizi kofia alilorithi kwa mama yake hakuna mwingine aliyejua kulishona, naye alitaka alichore kwenye kompyuta ya mjukuu wake kabla hajapofuka.

"Niuzie programu ya kuchorea tu, mwanangu," alimwambia Dafa, muuza mashine za kutarizi.

"Haiuzwi peke yake, bibi. Inakuja na mashine."

"Mashine yenye bei ya nyumba! Mie nataka chumvi, wewe waniuzia bahari?"

Dafa akacheka. "Basi lete hiyo kofia yako yenye ua tujaribu. Kuonja ni bure."

Mwanakheri akampa, akamwelekeza kitobo kwa kitobo kwa ncha ya kidole. Ua likatokea kwenye kioo cha mashine, kamili, hata machozi yakamlenga. Mara mashine ikanguruma, na kabla chai haijapoa kofia mpya nzima ilikuwa imeshashonwa.

"Haya, nipe ua langu niende."

"Limo humu ndani, bibi. Bila mashine hii halifunguki."

Ijumaa iliyofuata kofia za ua lile zilikuwa zimejaa dirishani kwa Dafa, watu wanazigombea.

Usiku huo Mwanakheri alianza kofia mpya kwa kupapasa. Akakosea, akafumua, akaanza tena. Mjukuu alikuwa keshalala. Naye usingizi ukamchukua pale pale mkekani, sindano imesimama kwenye kitambaa, kidole chake bado kiko juu ya kitobo cha kwanza.