Ngisi Kumi na Wawili wa Mwalimu Lusweti

Alhamisi, siku ya tatu tangu sanduku lifike, Zipporah alitapikia karai la nguo kabla hata hajafungua mlango wa sebuleni.

Lilikuwa sanduku la mbao, limepigiliwa misumari pande zote. Juu yake mtu wa Mombasa alikuwa ameandika kwa wino mweusi: MWALIMU LUSWETI, KAKAMEGA. NGISI 12. Zipporah alilipokea Jumanne kwenye ofisi ya basi, akalikodia mkokoteni hadi nyumbani Shieywe, kama mumewe Lusweti alivyoagiza kabla ya kwenda Nairobi kusahihisha mitihani. Lisifunguliwe mpaka arudi, alisema. Alikuwa amewangoja ngisi hao miezi minne, awafundishie wanafunzi wake.

Uvundo ulianza jioni ileile. Ulikuwa kama samaki aliyeoza, na ndani yake nywele zinazoungua. Haukutulia hewani kama uvundo mwingine. Ulimjia kwa ghafla, ukampanda kutoka tumboni hadi kooni, ukamjaza mate machungu mdomoni, ukapungua, kisha ukarudi.

Ngisi aliwachukia tangu zamani. Mumewe alikuwa amekaa ng'ambo miaka miwili akichunguza namna wanavyonusa, na aliporudi mwaka wa tisini na nne hakuwa na habari nyingine mezani. Ngisi ana kishimo cha kunusia chini ya kila jicho, alieleza huku akimega obusuma, ugali wa kwao. Ndani yake mna seli. Harufu ikiigusa seli, kalsiamu inaingia, na seli inapiga kelele kuuarifu ubongo. Kisha lazima kalsiamu isukumwe nje upesi, ili seli inyamaze. Ikichelewa kutoka, seli inaendelea kupiga kelele hata harufu ikiwa imekwisha kuondoka. Zipporah alikuwa akimwomba amalize kula kwanza. Mnyama wa makamasi, pua chini ya jicho! Alisukuma sahani kando.

Sasa alikuwa nao kumi na wawili sebuleni.

Alimwaga dawa ya choo. Alinyunyiza majivu, akapanga mkaa kuzunguka sanduku, akachoma majani ya mchaichai mpaka macho yakamwasha. Alilipapasa chini akitafuta maji ya uozo yanayovuja, mkono ukatoka mkavu. Hata inzi hawakulisogelea. Akasema moyoni kwamba dawa waliyopakwa ya kuwahifadhi ni kali hata kwa inzi.

Kazi yake ilikuwa ushonaji, na magauni manane ya harusi yalikuwa yakimngoja. Alifua kitambaa cheupe mara mbili, bado akaona kinanuka. Chakula kilimshinda. Kila tonge lilikuwa na ladha ya kitu kilichokufa.

Alhamisi hiyohiyo mchana, jirani yake Maximilla aliingia na chupa ya maziwa, akaketi karibu kabisa na sanduku, akanywa chai na kula mandazi matatu. Zipporah alimtazama kwa kichefuchefu. Hatimaye alimuuliza anawezaje kula hapo.

Maximilla alivuta pumzi kama mtu anayetafuta sufuria inayoungua. "Mimi sisikii kitu, Mama Nekoye," alisema.

Zipporah alijua ni adabu tu. Maximilla hakuwa mtu wa kumwambia mwenzake kwamba nyumba yake inanuka. Aliinua birika amwongezee chai, uvundo ukamjia tena, na alichokumbuka baadaye ni chai kufurika mezani na Maximilla akiwa amemshika kiwiko.

"Nimekuita mara tatu," Maximilla alisema. "Ulikuwa wapi?"

Zipporah alijibu kwamba harufu imempa kizunguzungu.

Ijumaa hakuvumilia tena. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akaliburura sanduku huku akitema mate kila hatua, akalifukia na kukanyaga udongo. Akafungua madirisha yote. Akaoga kwa sabuni ya kufulia.

Jumamosi asubuhi uvundo ndio uliomwamsha. Ulikuwa umeingia kutani, aliwaza, na kwenye godoro. Akafungasha nguo zake aende kwa mama yake, kule Musanda. Lusweti alipofika saa nne, alimkuta mlangoni ameketi juu ya begi.

Aliuliza ngisi wako wapi. Zipporah akamwambia amewazika kwenye migomba.

"Nimekula uozo wako siku tano," alisema. "Chagua, Baba Nekoye. Wao ama mimi."

"Uozo?"

"Wananuka mpaka nje hapa. Ama pua yako ilifia huko ng'ambo?"

 Lusweti akamuuliza, polepole, wananuka namna gani. Zipporah akamweleza: samaki, nywele zinazoungua, namna harufu inavyompanda kutoka tumboni, inavyokwenda na kurudi. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akachukua jembe, akaenda kwenye migomba.

Alilirudisha sanduku begani, akalitua uani juu ya saruji, akaanza kung'oa misumari kwa nyundo. Zipporah alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ua. Alijifunga leso mara mbili puani. Ubao wa kwanza ulipong'oka tumbo lilimpanda, machozi yakamtoka, akainama na kutapika maji matupu.

Lusweti alipekua maranda ya mbao, akatoa ngisi mmoja, mwekundu, mwenye kishimo kilichochorwa vizuri chini ya jicho.  Ngisi alimponyoka, akaanguka kwenye saruji na kudunda mara mbili, kwani alikuwa wa mpira mtupu, kama wenzake wote, akabingirika hadi miguuni kwa Zipporah.

Lusweti hakumwokota. "Seli inapiga kelele bila harufu," alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa akimtazama mkewe, ambaye bado alikuwa ameibana pua.