Bati la Chumba cha Mama

Wazee waliamua hivi: kiwanja ni cha mama yake Mshamu, kuta ni za Mshamu mwenyewe, na mabati ni ya Bahiya, kwa kuwa aliyanunua kwa kuuza maandazi. Ndoa imevunjika, kila mtu achukue chake.

Asubuhi Bahiya alikuja na fundi. Wakaezua sebule, kisha chumba walicholala yeye na Mshamu. Mshamu alisimama uani, mikono nyuma, akitazama kama mpita njia.

Kwenye chumba cha nyuma fundi aling'oa bati moja, akachungulia, akashuka. "Dada, humu mna mtu. Mimi siwezi."

Bahiya alimgeukia Mshamu. "Mama bado yumo? Hukumwambia tumeachana?"

"Ningemwambia nini?"

"Utajua mwenyewe!" Akapanda ngazi kwa hasira, akalishika bati la pili, ambalo fundi alikwisha kulilegeza misumari, akalinyanyua.

Chini, bi kizee alikuwa amelala kitandani, miguu yake haimbebi tangu mwaka jana. Kando yake lilikuwepo beseni la kukingia mvua, pale pale alipoliweka Bahiya.

"Ni wewe, mwanangu?" Alijikinga jua kwa kiganja, akatabasamu. "Nilimwambia Mshamu, mkeo hawezi kuacha masika yanikute na tobo hili."

Jua lilikuwa linampiga bi kizee machoni. Bahiya akalisogeza bati kidogo, kivuli kikamwangukia usoni, naye akabaki amelishikilia hivyo hivyo.