Namba Haibadiliki

Sebule ya Bi Mwanakombo ilijaa majirani, maana fundi wa kampuni mpya ya simu alikuwa amekuja, na habari ya kupiga kwa bei nafuu hakuna anayetaka kusimuliwa na mwingine.

"Kwa hiyo namba yangu haibadiliki?" Bi Mwanakombo aliuliza kwa mara ya tatu.

"Haibadiliki, mama. Laini ni ileile. Ukitaka kupiga, unatanguliza tarakimu zetu nne tu. Anayekupigia anakupata kama zamani."

"Mwache fundi anywe chai, shoga," jirani mmoja alisema, wakacheka.

Lakini namba hiyo ndiyo pekee aliyoijua Athmani, mwana wa Bi Mwanakombo, aliyeondoka kwa hasira miaka kumi na minne iliyopita. Tangu hapo mama hajalala nje ya nyumba hata siku moja, akingoja apige. Kila asubuhi huinua mkonga wa simu, akasikia inaunguruma, akaridhika.

Fundi aliigeuza simu. "Mama, kengele yake imezimwa. Nani aliizima?"

Mishi, binti wa Bi Mwanakombo, alijishika mdomo.

"Mimi," alisema. "Siku ile mtoto wangu ana homa, halali."

Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na sare ya sekondari.

Fundi akasukuma kitufe, akaipiga namba ile kwa simu yake ya mkononi kujaribu. Kengele ikalia. Bi Mwanakombo akaurukia mkonga.

"Athmani? Mwanangu, hatukusikia."

Hatua mbili kutoka kwake, fundi alibaki na simu sikioni.