Tao la Watu Wawili

Kila mwaka, somo la kwanza la jinsi jengo linavyobeba uzito lilifundishwa na watu wawili: Mwalimu Kizito na mkewe, Perpetua. Walikuwa wakisimama mbele ya wanafunzi wapya wa usanifu majengo, wakabananisha viganja, kisha kila mmoja akarudisha miguu nyuma mpaka wakaegemeana kama pande mbili za paa.

"Hili ndilo tao," Perpetua alizoea kusema. "Kila upande unataka kuanguka. Ndiyo maana halianguki."

Mwaka huu Kizito aliingia peke yake. Alimwita Shomari, kijana wa kiti cha mbele, wakabananisha viganja, naye mwalimu akajiachia.

Hakuanguka, ila alihisi kuna kitu hakipo. Alipotazama chini aliona miguu ya kijana imejikita palepale, mwili umenyooka wima.

"Umenishikilia tu, mwanangu. Huo ni ukuta. Na wewe niegemee."

"Nitakuelemea, Mwalimu," Shomari alisema kwa sauti ya chini. "Tumesikia msiba wako."

Tangu mazishi, kila mtu alimshikilia hivyohivyo: majirani, wanawe, hata padri. Hakuna aliyethubutu kumwelemea.

"Rudisha miguu," alisema.

Shomari akarudisha mmoja, kisha wa pili. Uzito wake ukamshukia mzee viganjani, ukapita viwikoni na mabegani, ukafika visiginoni. Darasa lilingoja maelezo. Kizito alikuwa amefumba macho, na hakumwambia kijana kwamba inatosha.